Siku Nilipobatiza Kivuko kwa Mtindo wa Waingereza

Mukiniona ninapita kona ile ya kijito na kitambaa nimekishusha mpaka kwenye nyusi, musifikiri ni jua, maana Bukavu yetu hii jua lenyewe linatoka kwa kubembelezwa, ni haya. Watu wengine aibu yao inasahaulika maharagi yakivunwa mara mbili, lakini yangu imewekewa mahali pa kusimamisha taksi, na kila anayeshuka pale lazima aitaje kwa sauti. Sasa kaeni niwaambie mimi mwenyewe, kwa sababu najua Nsimire (bibi ya mudogo wa bwana yangu, tunapendana sana lakini hawezi kushika neno) amekwisha kuwaambia nusu, na ile nusu ameitia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nilizaliwa Sange kwenye joto, nikaolewa huku juu kwenye baridi, katika familia ya Bashi wanaoshika desturi kuliko padri anavyoshika misa. Desturi inayotuhusu leo ni moja tu: mukamwana, yaani bibi ya mutoto mwanaume, hatamki jina la baba mukwe. Hatamki akimuita, hatamki akisimulia habari zake, hatamki hata akiwa peke yake jikoni. Na kama jina la muzee linafanana na neno la kila siku, basi mukamwana anatafuta neno lingine la kuzunguka, na Nsimire anajua kuzunguka mpaka unasahau alikuja kuomba nini.

Nilipofika kwao, mama mukwe alinitazama kuanzia viatu mpaka vitabu, akasema huyu anayelipwa kwa kusema kutwa nzima, mudomo yake haina mulango, afazali aache ile kazi akamate jembe. Njo pale baba mukwe aliponitetea (nitamuita Muzee, na musiniulize zaidi). Alisema mbele ya ukoo wote: "Mumuache afundishe. Siku ile atatamka jina yangu, njo tutajua vitabu vimekula adabu yake, na siku ile atabakia ku nyumba." Mama mukwe akakubali, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba siku ile haiko mbali. Kwa hiyo mujue kazi yangu yote, na chaki, na darasa, na wale mabinti wangu wa mwaka wa tano niliowapenda, vilikuwa vinategemea jina moja kubakia mudomoni mwangu bila kutoka.

Nililishika vizuri. Miaka ile yote sikuteleza, hata siku ya kuzaa Furaha, ambapo wengine wanataja kila kitu.

Sasa, katika kitabu chetu cha shule kulikuwa na somo moja juu ya majina ya miji ya Uingereza, na mimi lile somo nililipenda mpaka nikawa nalifundisha hata kwa darasa ambalo halikuhusika. Niliwaambia wanafunzi kwamba wale watu hawakujiumiza kichwa. Mahali ng'ombe walipovukia mto wakapaita Oxford, kivuko cha ng'ombe, basi, maneno yakaisha. Mahali penye daraja juu ya mto Cam, Cambridge. Mto Plym unapoingia baharini, Plymouth, mudomo wa Plym. Ukisikia chester ujue zamani askari wa Roma walipiga kambi pale, kama Manchester. Ukisikia by mwishoni, kama Derby, ujue Wadani walifika wakakataa kurudi kwao. Ton ni shamba. Ham ni nyumbani kwa mutu: Birmingham ni nyumbani kwa watu wa Beorma, na Nottingham (hapa darasa zima lilikuwa linaanguka juu ya meza) ni nyumbani kwa watu wa muzee moja aliyeitwa Snot, neno ambalo leo kwa Kiingereza ni kamasi, na zamani mji wenyewe ulianza na ile s ya muzee, kisha ikapotea njiani, na mimi nilikuwa nawaambia labda ni wajukuu walioona haya. Binti moja akanyosha kidole akasema, "Mwalimu, basi ham ni kwa. Kwa Beorma. Ni kama sisi." Nikasema njo vile kabisa, na nikaenda nyumbani nikijiona nimegundua kitu.

Kumbe kitu chenyewe kilikuwa kinaningoja kwenye salongo.

Muliokuwa wadogo, salongo ni ile kazi ya Jumamosi ya kila mutu, kufagia, kuzibua mifereji, kukata majani, kwa faida ya taifa, na ukikosa unaitwa kwa ofisi. Enzi ile, kwa amri ya raisi, kila kitu kilikuwa kimebadilishwa jina. Inchi ilikuwa imebadilishwa, mto umebadilishwa, na sisi wenyewe tumebadilishwa (mimi nilibatizwa jina la mutakatifu moja wa Italia, nikaamka asubuhi moja sina tena), hakuna bwana wala bibi, wote raia tu, sitwayen na sitwayene. Ila kwetu, kule chini ya Nyawera, avenue yetu ilikuwa imesahauliwa. Ilikuwa bado inabeba jina la luteni moja Mubeleji ambaye hakuna aliyejua alifanya nini, na shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, mutu wa tumbo na kofia ya ngozi ya chui ya kuiga, alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya yule luteni.

Basi ile Jumamosi, tukiwa tumemaliza kuzibua mifereji, shefu akatukusanya kando ya kijito akaomba majina. Wa kwanza akasema Avenue ya Mapinduzi. Wa pili akasema Avenue ya Mapinduzi ya Kweli. Wa tatu akasema yeye pia anaunga mukono mapinduzi lakini yaanzie upande wa juu, karibu na kwake. Shefu alikuwa anafuta jasho. Na mimi, badala ya kutazama udongo kama wenye akili wote, nikanyosha kidole.

Njo hicho tu nilichofanya. Kidole kimoja, tena chenye matope. Kila nikikumbuka natamani ningekuwa nimekikatia kwenye majani.

"Sitwayene mwalimu, sema," shefu akasema.

Nikasema. Nilisema mpaka watu wakaketi juu ya jembe zao. Niliwapa Oxford, niliwapa Plymouth, niliwapa Beorma na Snot, nikasema jina zuri halitoki kwa luteni wala halitoki kwa maneno makubwa, linatoka kwa kitu kilicho pale, kivuko, daraja, kinu, au kwa mutu aliyeishi pale wa kwanza. Mutu moja mwenye mvi kule nyuma akauliza kwa upole, "Sasa tunaondosha jina ya bazungu ju ya kuweka akili ya bazungu?"

Nilidhani shefu atakwama. Hakukwama. Akasema, "Bangereza habakututawala sisi. Akili yabo haiko ya ukoloni. Iko ya siyansi."

Watu wakapiga makofi, na papo hapo ikaundwa Komisio ya Ufundi ya Majina, shefu akiwa mwenyekiti na mimi nikiwa ufundi.

Juma zile mbili nilitembea kartie yetu kama mutu aliyetumwa na mbingu. Shefu alikuwa nyuma yangu anahema, na ugonjwa wake ulikuwa ton, alisema ile ton inasikika ya bei kali. Alitaka pale penye kinu cha kusaga mihogo paitwe Mashineton, na ilinichukua mlima mzima kumweleza kwamba sisi tunachukua namna, hatuchukui maneno. Kwa hiyo pale pakaitwa Kwa Mashine, jina ambalo watu walikuwa wanalitumia tangu zamani bila komisio, lakini sasa lilikuwa la kisayansi.

Tukafika kwenye kijito. Ni pale ambapo ng'ombe wanaoletwa kuchinjwa wanavukia, na mimi nikasema shefu, hii hapa ni Oxford yetu, tupaite Kivuko cha Ng'ombe.

Shefu akatazama mavi ya ng'ombe, akanitazama. "Sitwayene, komisere wa zone mwenyewe, mukubwa yangu, atakuya kufungua ile avenue. Siwezi kumuleta afungue ng'ombe. Leta ile ingine. Ile ya mutu."

"Ya ham?"

"Njo ile."

"Basi tutafute aliyejenga pale wa kwanza," nikasema, na nikasema kwa sauti ya darasani, ile ya kuonyesha kwamba jibu ni rahisi.

Na lilikuwa rahisi. Watu wote waliosimama pale wakageuka wakatazama nyumba moja, ile ya matofali juu kidogo ya kijito, nyumba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimepikia asubuhi ile. Muzee alijenga pale kabla ya mutu yeyote, wakati ilikuwa bado matete mpaka ziwani, na mvua ikijaza kijito alikuwa anavusha watu mugongoni. Shefu akalitamka jina lake kwa sauti, akalionja, akasema litaenea vizuri kwenye mbao ya avenue. Na mimi nikafurahi. Nawaapia nilifurahi, nikasema "Muzuri sana," nikifikiria tu namna Muzee atakavyofurahi, na akili yangu ilikuwa imelala kabisa, haikugeuka hata upande mwingine.

Bwana yangu njo aliyeiamusha. Usiku nilimsimulia tukiwa tunakula, na mukono wake wenye bugali ukasimama njiani.

"Mama Furaha, utakuwa unaitaja namna gani?"

Nikasema sitaitaja. Itaandikwa, watu watasoma, mimi nitakuwa nasema tu nakaa kule kijitoni. Akamaliza kutafuna polepole, akasema, "Tuko batoto wanaume sita. Bote banakaa ku ile avenue. Na bibi zabo." Nikaona hata yeye anataka kucheka na anaogopa.

Nilitaka kurudi kwa shefu asubuhi nikafute. Lakini asubuhi nilimukuta Muzee uwanjani anapimwa mabega na fundi wa nguo. Muelewe yule mutu alikuwa nani. Alikuwa mwashi. Maisha yake yote alijengea wazungu nyumba kwenye avenue zenye majina ya wazungu, matofali yake yako mpaka kule kwenye ncha za ziwa, na hakuna ukuta hata mumoja unaosema ni nani aliyeujenga. Sasa alikuwa amesimama mikono wazi, anashonewa abakosti, ile suti ya mapinduzi isiyo na tai, rangi ya majivu, na aliponiona akasema, "Mwalimu, umefanya kazi." Hakuwahi kuniambia hivyo. Nikameza maneno yangu nikaenda shuleni.

Mama mukwe alikuwa anapeta maharagi mulangoni. Yeye akasema tu, "Tutaona."

Shida ikaanza hata kabla ya sherehe. Nsimire alipeleka mutoto kwa dispansere, muuguzi akamuuliza anakaa avenue gani, na muuguzi alikuwa amekwisha kusikia kwamba sasa kuna jina jipya na lazima litajwe. Nsimire akasema anakaa kule kwa ule. Ule nani? Ule mwenye alizaa bwana yangu. Anaitwa nani? Nsimire akasema, "Uliza mutoto." Mutoto alikuwa wa miezi saba. Alirudi nyumbani bila dawa ya kikohozi akanifuata mpaka jikoni. "Weye na Bangereza bako," akasema, "kule bakamwana banafanyaka je?" Nikasema sijui. Na kweli kitabu hakikusema.

Siku ya sherehe ikafika. Walikuwa wamesimika nguzo na mbao iliyofunikwa kitambaa cha kijani, wameleta viti kutoka parokia, mikro ya kusemea na bafle mbili za kupaza sauti, na kikundi cha animasio, vijana na mabinti wa kartie wa kuimba na kucheza, wenye nguo za chama, ambao shefu alikuwa amewazoeza juma zima kitu kimoja: jina lolote lenye litatoka ku mikro, ngoma inalia, munalirudilia mara tatu. Walikuwa wamelishika vizuri hili. Hawakuwa wameambiwa kingine.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na raha yangu, nikijua shefu njo atakayetamka. Akaja akanishika kiwiko. "Komisere anapenda fundi mwenyewe aseme. Tena mwanamuke. Iko muzuri kwa mapinduzi."

Nikamwambia koo inaniuma. Akatoa tangawizi mufukoni (sijui mutu anatembea na tangawizi kwa sababu gani) akanipa nitafune. Nikatafuna. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni mukamwana wa yule muzee na siwezi.

"Ile ni mambo ya nyumba. Hapa ni taifa."

"Lakini shefu, si tuliambiwa turudilie desturi ya bankambo, babu zetu? Si njo otantisite yenyewe ya raisi?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimuona. Akasema, "Turudilie ile yenye imekubaliwa," na akanisukuma mbele.

Mikro ikanguruma usoni mwangu. Kiti cha kwanza alikaa komisere na miwani myeusi. Pembeni yake Muzee, abakosti mpya, mikono juu ya magoti, ananitazama jinsi mutu mwenye njaa anavyotazama sahani inayoletwa. Nyuma yao mama mukwe, na yeye hakuwa anatazama macho yangu, alikuwa anatazama mudomo.

Nikaanza vizuri, maana mwalimu ukimpa watu waliokaa anaanza tu. Nikasema juu ya Manchester, na ngoma ikalia, na animasio wakaimba "Manchester, Manchester, Manchester," na komisere akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasema juu ya Beorma, wakamuimba Beorma mara tatu, na sidhani kuna mahali pengine duniani marehemu yule alipata heshima kama ile. Nikaona nimeanza kuzungusha. Nikawapa na Plymouth. Nikawapa Derby. Shefu akatazama saa yake. Nikatafuta mji mwingine kichwani, nikakuta miji ya Uingereza imeniishia.

"Kwa hiyo," nikasema, "sitwayen na sitwayene, kuanzia leo, mahali hapa panaitwa..."

Na mudomo ukafunguka. Hilo nalikumbuka vizuri, ulimi ulikuwa umekwisha kujipanga kwenye herufi ya kwanza. Mama mukwe akainuka kidogo kwenye kiti. Nikamuona Muzee, uso wake wote umengoja. Nikafikiri nikitamka atapata avenue yake, na kesho nitakamata jembe. Nisipotamka nitabakia na darasa langu, lakini nani atamwambia yule mutu mwenye nguo mpya. Huku mikro inapiga filimbi. Mudomo ukafunga. Ukafunguka tena. Ukafunga. Mutu wa mbali angeweza kufikiri natafuna tangawizi, na kweli kidogo ilikuwa bado.

Tukasikia hata kijito. Ng'ombe mumoja aliyekuwa anavushwa akalia, na mimi nikafikiri, kama tungefuata huyu saa hii tungekuwa tunakunywa pombe.

"Tamka," shefu akanong'ona.

Nikakimbilia mbao nikavuta kile kitambaa cha kijani, jina likatokea, herufi nyeupe kubwa, nikalionyesha kwa kidole, kile kidole kilekile. Lakini animasio hawakuwa wameambiwa kusoma. Walikuwa wameambiwa mikro. Wote wakabakia wanatazama mikro, na mupiga ngoma ameinua fimbo.

Njo pale komisere, aliyekuwa na sherehe nyingine mchana ule, aliposimama, akainama kwenye mikro, akamuuliza shefu kwa sauti ya mutu aliyechoka: "Huyu maman ni bubu?"

Ngoma ikalia.

"Bubu, Bubu, Bubu."

Shefu akatupa mikono juu kuwakataza. Mupiga ngoma akaona mikono ya shefu iko juu, akafikiri anaambiwa aongeze, akaongeza. Mabinti wakatoka mbele wakicheza kama walivyozoezwa, "Avenue Bubu, oye, Avenue Bubu, oye," na watu wa mbali kule juu kwenye mulima, ambao hawakuona mbao wala mwalimu, waliosikia bafle tu, wakapiga makofi, na kartie nzima ikajua kwamba avenue imepata jina. Komisere akafikiri imeisha, akapeana mukono, akapanda gari akaenda. Muzee alisimama. Akavuta abakosti yake mbele, akakaa tena. Mimi nilitamani ile ardhi ya kijito ifunguke.

Kesho yake niliitwa kwa ofisi ya shefu. Neno lilikuwa sabotaji, yaani hujuma. Shefu alikuwa amekwisha kupanga maneno yote, kwamba nilikataa kutamka jina la mapinduzi mbele ya komisere, na kwamba mwalimu wa namna ile hawezi kuachiwa watoto wa taifa. Kumbe nilikuwa nimenyamaza ili nisipoteze kazi, na sasa kazi inaondoka kwa sababu nilinyamaza. Nilisimama pale nikilia waziwazi, sikujificha.

Muzee akaingia bila kubisha, na ile abakosti.

"Shefu, ile jina ya mapinduzi ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Yako, Muzee."

"Basi mwenyewe njo mimi. Nilikuwa pale na sikulalamika. Huyu mutoto aliniheshimu mbele ya komisere na mbele ya mikro. Weye mukamwana yako atafanya vile?"

Shefu akatazama meza. (Mukamwana wa shefu alikuwa anamuita baba mukwe wake kwa jina akiwa sokoni, tena akiongeza mengine, na kartie yote ilijua.) Akasema tuache ile maneno, mambo ya majina yamekwisha. Muzee akanigeukia, "Mwalimu, saa ya darasa imefika." Nikaenda. Nilifundisha siku ile na macho yaliyovimba, na sikufundisha miji.

Jioni mama mukwe aliniita jikoni kwake. Hakuwahi kuniita, nilikuwa naingiaka kwa lazima. Akanisukumia kiti kidogo cha miguu mitatu, akaniwekea sahani ya maharagi na ndizi, akanitazama ninakula mpaka nusu, ndipo akasema, "Kumbe mulango iko." Hiyo njo sifa yangu kubwa niliyopata katika ile familia, na niliinunua kwa bei mbaya.

Kwa sababu jina halikukaa. Mbao iko pale, herufi nyeupe zinaliwa na mvua, na hakuna anayeisoma kwa sauti. Sisi bakamwana sita hatuwezi. Watoto wetu wanasema tunavyosema sisi. Na wengine wote, kuanzia dispansere mpaka sokoni Nyawera, wanasema Kwa Bubu, na wanaokuja kutoka Bunyakiri na magunia yao ya ndizi wanauliza Kwa Bubu ni wapi, na wanaonyeshwa. Hakuna komisio iliyokaa. Nilifundisha miaka yote kwamba mahali panaitwa kwa kile kilichotokea pale au kwa mutu aliyekuwa pale, sikuwaza kwamba naweza kuwa mimi.

Muzee hakunigombeza hata siku moja, na hilo njo lililoniuma. Ila mara moja, tumekaa uwanjani, aliniuliza. "Mwalimu, yule muzee wa kamasi. Snot. Bakamwana yake balikuwa banafanya je?"

Nikamwambia nimefikiri sana juu ya hilo, na nadhani walikuwa wanameza. Ndiyo maana ile s ilipotea. Na ndiyo maana miji mingi kule inaandikwa mirefu na kutamkwa mifupi, Waingereza wenyewe hawajui ni kwa nini, wanasema ni luga tu. Mimi nasema ni wakamwana waliokuwa wanakata jina njiani kwa heshima, kizazi kwa kizazi, mpaka likabaki kipande. Muzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Lakini yeye balimubakishia kipande," na akatazama kijito.

Mwisho niwaambie hili, kisha niende zangu. Juzi nilimpeleka hospitali kutazamisha magoti, na tukirudi tukachukua taksi pale Nyawera. Dereva alikuwa kijana asiyetujua. Akamuuliza, "Muzee, unashukia fasi gani?"

Muzee yeye hana mwiko. Jina ni lake, anaweza kulitaja anavyotaka, na mimi niligeuza uso dirishani nikangoja alitaje, nilitaka kulisikia likitajwa hata mara moja kama anwani. Akafungua mudomo, akafikiri kidogo. Nadhani alijua kijana hatafahamu, itabidi aeleze, na magoti yalikuwa yanamuuma.

"Kwa Bubu," akasema.

"Na huyu maman?"

"Huyu njo Bubu mwenyewe," akasema Muzee, na akanipiga kidogo kwenye mukono.

Tangu siku ile ya mikro, salongo naenda na jembe, na kidole changu kinashika jembe. Wakiuliza majina, natazama udongo.